Badakhshan ya Milimani: Mkoa Unaolishwa na Barabara

Mnamo Machi 1895 Uingereza na Urusi zilibadilishana hati za makubaliano juu ya mpaka wa milima ya Pamir. Ndani ya hati hizo limetajwa ziwa linaloitwa Victoria. Si Nyanza yetu. Ni ziwa jembamba, lililo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wake wanaliita Zorkul. Baharia Mskoti, John Wood, alilifikia mwaka 1838 akitafuta chanzo cha mto Oxus, yaani Amu Darya, miaka 20 kabla ya Speke kuliona ziwa letu pale Mwanza. Malkia mmoja, maziwa mawili, na kila moja na chanzo chake cha mto mkubwa. Jina la Victoria limekwisha kufutika huko Pamir. Mpaka uliochorwa kuanzia kwenye ziwa lile bado upo, na ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Mkoa wenyewe leo unaitwa Mkoa Unaojitawala wa Badakhshan ya Milimani, na uko mashariki mwa Tajikistan. Una eneo la kilomita za mraba zipatazo 64,000. Ukiunganisha Rwanda na Burundi, bado Badakhshan ni kubwa zaidi. Hiyo ni asilimia 45 hivi ya ardhi yote ya Tajikistan, lakini wakazi wake ni kama 230,000 tu, chini ya nusu ya watu wa Pemba. Tofauti hiyo ya ardhi na watu inatokana na milima. Kilele kirefu kuliko vyote nchini kina mita 7,495, yaani mita 1,600 juu zaidi ya Kilimanjaro. Kwanza kilipewa jina la Stalin, kisha kikaitwa Ukomunisti, na tangu 1998 kinaitwa Ismoil Somoni, kwa jina la mtawala wa enzi za Wasamani. (Anayetaka kuijua historia ya siasa za Tajikistan kwa dakika moja na asome orodha ya majina ya mlima huo.) Karibu na hapo kuna mto wa barafu wa Fedchenko, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 70.

Lakini tunaposema "Pamir" tunachanganya nchi mbili zisizofanana. Upande wa magharibi ni mabonde ya kina kirefu, membamba kama ufa wa ukuta, na mito yake inateremka kwenda Panj: Vanj, Yazghulam, Bartang, Gunt, Shahdara. Watu wanaishi pale mto mdogo unapomwaga udongo chini ya jabali, kwenye vipande vya ardhi vinavyotosha nyumba kumi au hamsini. Mvua ni chache, hivyo kila shamba linamwagiliwa kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Upande wa mashariki ni uwanda wa juu, mkavu, wenye upepo, usio na mti. Huko ndiko ilipo wilaya ya Murghab, yenye zaidi ya nusu ya ardhi ya mkoa na watu kama 15,000, wengi wao Wakirgizi wafugaji wa kondoo na yaki, wale ng'ombe wenye manyoya marefu. Mji wa Murghab uko mita 3,600 juu ya bahari. Nafaka haioti.

Ardhi yenyewe haijatulia. Usiku wa Februari 1911 tetemeko liliangusha upande mzima wa mlima katika bonde la Murghab na kukizika kijiji cha Usoi pamoja na watu wake. Kifusi kiliuziba mto. Maji yakapanda nyuma yake mpaka yakakifunika kijiji kingine, Sarez, ambacho sasa ndicho kinachobeba jina la ziwa. Boma hilo la mawe lina urefu wa zaidi ya mita 500 kwenda juu, na hakuna boma la asili lililo refu zaidi duniani. Ziwa lina urefu wa kilomita karibu 60. Wanaoishi bondeni chini yake wamekuwa na mitambo ya kuwapa tahadhari, na wanalala.

Watu wa mabonde ya magharibi wanaitwa kwa ujumla Wapamiri. Hapa wanachama wa chama cha lugha tusikimbie. Lugha rasmi ya nchi ni Kitajiki, ambacho ni Kiajemi, jamaa wa lugha iliyotupa bandari na bustani. Nyumbani, hata hivyo, Wapamiri wanasema Kishughni, Kirushani, Kiwakhi, Kiishkashimi au Kiyazghulami. Lugha hizi ni za tawi la mashariki la jamii ya Kiirani, na mtu wa Dushanbe akikaa kwenye basi la Khorog haelewi abiria wanasema nini. Katika miaka ya 1930 vilichapishwa vitabu vichache vya Kishughni kwa herufi za Kilatini, kisha mpango ukaachwa. Tangu hapo mtoto hujifunza kusoma kwa Kitajiki, hutafuta elimu ya juu kwa Kirusi, na huimbiwa na bibi yake kwa lugha isiyokuwa na nafasi darasani.

Walio wengi ni Waismaili. Wanaeleza asili ya dini yao kwa jina la Nasir Khusraw, mshairi na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1004. Alikuwa mtumishi wa serikali, akaacha kazi, akasafiri miaka saba, akakaa Misri ya Wafatimi, na akarudi kwao akiwa mlinganiaji. Alipofukuzwa Balkh alikimbilia Yumgan, katika milima ya Badakhshan, akaandika huko mpaka kufa. Nyumba ya Kipamiri imejengwa juu ya nguzo tano, nao wanazitaja kwa majina ya Mtume Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein. Katikati ya paa kuna tundu la mwanga lenye miraba minne ya mbao, mmoja juu ya mwingine. Hawakuwa na misikiti mikubwa. Ibada ilikuwa nyumbani, na nyumba ilikuwa kama kitabu cha dini kwa watu ambao wengi hawakujua kusoma.

Sasa turudi kwenye mpaka. Kabla ya karne ya 19 kwisha, mto Panj haukuwa mwisho wa nchi yoyote. Shughnan, Rushan na Wakhan zilikuwa tawala ndogo, kila moja na mtawala wake aliyeitwa mir, na kila moja ilikuwa na vijiji kwenye kingo zote mbili. Mto ulikuwa katikati ya nyumba. Watu walivuka kwa kushikilia viriba vya ngozi vilivyojazwa upepo, wakaoa ng'ambo, wakazika ng'ambo. Umaskini ulikuwepo, tena mkubwa. Mir aliuza raia wake utumwani, na majirani wa Kisunni waliwahesabu Waismaili kuwa si Waislamu, hivyo kuwakamata kukawa halali machoni pao. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Lakini haikuwa nchi iliyojifungia. Misafara ya Yarkand ilipita. Marco Polo alipita katika karne ya 13 na kusimulia kwamba mfalme wa Badakhshan aliweka adhabu ya kifo kwa yeyote atakayechimba vito bila ruhusa. Vito hivyo vilitoka Kuh-i-Lal, mlima ulio juu ya Panj, navyo vilijaa hazina za wafalme kwa jina la yakuti. Wanasayansi walipokuja kuvipima waligundua kwamba vingi si yakuti hata kidogo bali ni spineli, jiwe lile lile linalochimbwa Mahenge, mkoani Morogoro.

Mwaka 1873 London na St. Petersburg zilikubaliana kwamba mto ndio uwe mpaka wa Afghanistan. Waliofanya hivyo walikuwa na ramani mbovu, na hawakujua, au hawakujali, kwamba mto huo umepita katikati ya tawala zenye watu. Mwaka 1883 Abdur Rahman, amiri wa Afghanistan, alizitwaa Shughnan na Rushan, kingo zote mbili. Urusi ikapinga, ikatuma askari, na mwaka 1893 ikajenga kituo pale ambapo leo ni Murghab. Mwisho wake ni zile hati za 1895. Amiri wa Afghanistan akaacha vijiji vya kaskazini na mashariki mwa mto, na amiri wa Bukhara akaacha sehemu ya Darwaz iliyokuwa kusini. Ili himaya mbili zisigusane, Afghanistan ikapewa ulimi wa ardhi uitwao Wakhan, ambao mahali pengine upana wake haufiki kilomita 20. Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Miaka tisa kabla ya hapo Uingereza hiyo hiyo na Ujerumani zilikuwa zimechora mstari kutoka mdomo wa Umba kuelekea Nyanza, na Wadigo na Wamasai wakaamka wana serikali mbili. Tofauti ni kwamba mstari wa Umba unavukika kwa miguu mpaka leo. Ule wa Panj ulikuja kufungwa.

Waliofunga ni Wasovieti. Mkoa uliundwa rasmi Januari 1925, na katikati ya miaka ya 1930 mpaka ulizibwa kwa askari na waya. Ndugu walioachana siku hiyo wengi hawakuonana tena, ingawa waliweza kuona moshi wa majiko ya kila mmoja. Waismaili wa upande wa Sovieti walikatika pia na Imamu wao. Hebu tufikirie tarehe. Agosti 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam, na ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga unaikumbusha jubilei hiyo. Oktoba 1957 mjukuu wake, Karim, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi wakati wa vita, alitawazwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam hiyo hiyo. Mwismaili wa Zanzibar aliyajua hayo yote. Mwismaili wa Khorog, wa imani moja na Imamu mmoja, hakuwa na njia ya kuwasiliana naye.

Walichopata badala yake ni barabara. Barabara ya Osh hadi Khorog, kilomita zaidi ya 700, ilijengwa kati ya 1931 na 1934, na inapita Ak-Baital kwenye mita 4,655. Ile ya kutoka Dushanbe ilifika mwaka 1940. Juu ya barabara hizo Moscow ilipandisha unga, sukari, makaa ya mawe, mafuta, vitabu na walimu. Mkoa wa mpakani uliwekwa katika daraja la kupata bidhaa moja kwa moja kutoka makao makuu, na wazee wanakumbuka maduka ya Murghab yaliyokuwa na vitu ambavyo Dushanbe haikuviona. Khorog ilipata umeme, hospitali, na bustani ya mimea iliyo miongoni mwa zile zilizo juu zaidi duniani. Kujua kusoma kukawa karibu jambo la kila mtu, wakati ng'ambo ya mto wenzao walibaki bila barabara wala shule. Wapamiri wakatoa madaktari, wahandisi, wanajeshi na walimu kwa idadi isiyolingana na uchache wao.

Gharama yake haikuandikwa dukani. Katika miaka ya baada ya vita vya pili, familia kutoka Bartang na Yazghulam zilihamishwa kwa lazima kwenda kulima pamba katika bonde la Vakhsh, kwenye joto na malaria. Na kilimo cha nyumbani kilidharauliwa. Kwa nini uchonge mfereji kwa ajili ya gunia tatu za ngano ikiwa lori la Osh linaleta unga wa bei nafuu? Mashamba yakageuzwa kuwa ya majani ya mifugo. Mkoa ambao zamani ulijilisha kwa shida, kwa ngano, shayiri na unga wa forsadi zilizokaushwa, sasa ulizalisha sehemu ndogo tu ya chakula chake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye fundo la historia yake ya uchumi. Ukali wa milima tunaujua, nao haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walifundishwa kuishi kwa lori, na lori lilikuwa la serikali moja yenye sababu yake moja: ilitaka raia watiifu kwenye mpaka.

Sababu hiyo ilikwisha mwaka 1991. Mwaka uliofuata Tajikistan iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wapamiri wengi waliunga mkono upande wa upinzani, na vikosi vya upande wa pili vilipoingia Dushanbe mwishoni mwa 1992 watu walisimamishwa barabarani na kuuawa kwa sababu ya mahali pa kuzaliwa palipoandikwa kwenye kitambulisho. Makumi ya maelfu wakakimbilia milimani, kwa jamaa ambao wenyewe hawakuwa na unga. Barabara ya Dushanbe ikafungwa. Baridi ya 1992 hadi 1993 ilikuta miti ya mitaani Khorog ikikatwa kuni.

Chakula kilikuja kutoka Osh, kilipelekwa na taasisi za Aga Khan kuanzia 1993. Wasomaji wetu wengi wanazifahamu kwa shule na hospitali za Dar, Mombasa na Nairobi, na huenda wakaziona kama jambo la mjini, la watu wenye nafasi. Pamir ilikuwa jambo jingine: karibu mkoa mzima ulikula kutoka mkono mmoja. Jambo lililofanywa vizuri, na linastahili sifa, ni kwamba msaada haukuishia kwenye magunia. Mashamba ya pamoja yaligawiwa kwa kaya, mbegu na mbolea zikaja, mifereji ikachimbwa upya. Mhandisi wa zamani akalima viazi, na viazi vikaota. Aga Khan alipofika Khorog Mei 1995, umati ulijaa bondeni. Baadaye zikafuata daraja la Tem juu ya Panj mwaka 2002, kampuni ya umeme ya Pamir Energy mwaka huo huo, na Chuo Kikuu cha Asia ya Kati, kilichofungua milango yake Khorog mwaka 2017. Mwaka 2008 umeme wa maji wa upande wa Tajikistan ulianza kuvuka mto kwenda vijiji vya Waafghani.

Hata hivyo mkono uliwahi kuwa wa Moscow, kisha ukawa wa Imamu, na sasa sehemu kubwa ni wa watoto wenyewe walio Urusi. Miaka fulani fedha zinazotumwa na wahamiaji zimekaribia nusu ya pato la taifa zima la Tajikistan. Sisi tunaosoma jarida hili ughaibuni tunaijua ile simu ya mwisho wa mwezi, lakini hatujui nchi ambayo karibu kila nyumba inaishi kwa simu hiyo, na ambayo polisi wa Moscow wakikaza masharti ya vibali, kijiji cha Rushan kinapunguza mkate.

Dola ya Dushanbe nayo haikupendezwa na mkoa unaomtazama mtu mwingine. Julai 2012 jeshi liliingia Khorog. Novemba 2021 kuuawa kwa kijana mmoja kulileta maandamano ya siku kadhaa. Mei 2022 vikosi vilielekea Rushan, makumi ya watu wakafa, na viongozi wa mitaa, wanasheria na waandishi wakafungwa. Serikali iliita kazi hiyo vita dhidi ya ugaidi, na mashirika ya haki za binadamu yakailaani. Baada yake mali kadhaa za taasisi za Aga Khan mjini Khorog, shule na hoteli ya Serena zikiwemo, zilipita mikononi mwa serikali. Mtu anaweza kubishana kama ni sawa taasisi moja ya kidini ibebe kazi za dola nzima, na mimi naona swali hilo ni halali. Lakini linapoulizwa na dola ambayo haikuwepo mwaka 1993, linasikika vibaya.

Kwa Wakirgizi wa Murghab habari ilikuwa tofauti kidogo. Wao si Waismaili, na soko lao ni Osh. Tangu makaa ya mawe ya Kisovieti yakatike, wamechoma teresken, kichaka kifupi chenye mizizi migumu ambacho pia ndicho malisho ya mifugo yao ya baridi. Kila mwaka malori yanakwenda mbali zaidi kukitafuta. Mwaka 2004 barabara ya China ilifunguliwa kupitia Kulma, na malori ya Kashgar hupita mjini, mengi bila kusimama. Mwaka 2011 bunge la Dushanbe liliridhia kuipa China zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za uwanda huo. Mwaka 2021 mpaka wa Tajikistan na Kyrgyzstan ulifungwa kwa sababu ya mapigano yaliyotokea mbali, upande wa Batken, na Murghab ikakatwa na Osh kwa karibu miaka minne. Mkataba ulitiwa saini Machi 2025 na barabara ikafunguliwa. Unga unapita tena. Teresken iliyong'olewa katika miaka hiyo haijarudi. Hukua polepole mno kwenye changarawe ile, na mbuzi wanaisubiri.